Mmoja kwa Elfu: Bei ya Kumrudisha Askari Aliyetekwa

Hotuba kwa wanafunzi wa sheria, viongozi wa dini na maofisa wastaafu, Tanga

Mheshimiwa Mwenyekiti, mashehe wetu, mapadri, wazee mlioketi mbele, na nyinyi vijana wa sheria mliojazana huko nyuma. Wakubwa shikamooni, wadogo, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo serikali nyingi hulifanya huku zikiapa kwamba hazilifanyi: kuwatoa wafungwa gerezani ili askari mmoja aliyetekwa arudi kwao. Msidhani ni habari ya mbali. Tarehe 7 Desemba 2017 walinzi wa amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, mashariki ya Kongo. Waliowashambulia wangeweza kuondoka na mmoja akiwa hai, na wiki ya pili yake tungekuwa tunatazama video yake kwenye simu. Na vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo waliuawa katika shambulio la Hamas la Oktoba 2023. Mwili wa mmoja wao ulibaki Gaza hadi Novemba 2025, ukarudi chini ya makubaliano ya kubadilishana watu kati ya Israeli na Hamas. Kwa hiyo hesabu hizi zimeshaingia ndani ya nyumba ya Mtanzania.

Nautaja msimamo wangu mapema, ili mpate muda wa kuupinga. Kubadilishana kunajuzu, na mara nyingi ni wajibu wa serikali iliyompeleka kijana vitani. Lakini kuhesabu vichwa ni kupotea. Linalostahili kuulizwa ni nani anatoka, anakwenda wapi, na nani anamdhamini. Na kikomo cha bei kiwekwe kabla hajatekwa mtu, maana akishapata jina na sura, hakuna baraza la mawaziri litakaloweza kukiweka.

Tuanze na mfano unaotajwa kuliko yote. Tarehe 25 Juni 2006 wapiganaji kutoka Gaza walipita chini ya mpaka kwa handaki karibu na Kerem Shalom, wakaua askari wawili wa Israeli na kumchukua wa tatu, koplo wa miaka 19, Gilad Shalit. Alirudi tarehe 18 Oktoba 2011. Zaidi ya miaka mitano hakuona hata mara moja mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Aliachiwa kwa wafungwa 1,027, na namba hiyo ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu.

Namba hiyo inadanganya. Ukiivunja utaona mafungu matatu. Wanaume 450 walichaguliwa kwa mvutano, jina baada ya jina, kwa miaka. Wanawake 27 wakaongezwa. Waliobaki 550, waliotoka Desemba mwaka ule, walichaguliwa na Israeli yenyewe. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya ile elfu haikuwa na uzito wowote mezani. Ilikuwa ya kulifanya fungu lionekane kubwa machoni mwa watu wa Gaza. Vita halisi ilipiganwa juu ya wale 450, na ndani yao, juu ya majina machache mno.

Mmoja wao ni Yahya Sinwar. Alihukumiwa mwaka 1989 vifungo vinne vya maisha kwa mauaji, wakiwemo Wapalestina aliowaona kuwa vibaraka. Miaka 12 baada ya kutoka alikuwa kiongozi wa Hamas ndani ya Gaza, siku ya shambulio la 7 Oktoba 2023. Rudini nyuma zaidi: Mei 1985 Israeli ilitoa wafungwa 1,150 kwa askari watatu, na miongoni mwao alikuwemo Sheikh Ahmed Yassin, ambaye miaka miwili baadaye akawa mwasisi wa Hamas. Mara zote mbili watu walibishana kuhusu elfu, na jambo likatokea kwa mtu mmoja. Kipimo kilichotumika sana Israeli kiliitwa “damu mikononi”, yaani je, mfungwa huyu ameua? Kipimo hicho kinapima kosa la jana. Hakipimi uwezo wa kesho: nani anajua kupanga, nani anasikilizwa na wenzake gerezani, nani amejifunza lugha ya walinzi wake. Kijana aliyerusha kombora na kuua anaweza kutoka akafungua duka la simu. Mwalimu asiyewahi kushika bunduki anaweza kutoka akajenga jeshi.

Kwa haki ya upande wa pili nitaje Bowe Bergdahl, askari wa Marekani aliyeshikwa Afghanistan Juni 2009 baada ya kuondoka kambini kwa hiari yake. Mei 31, 2014 alibadilishwa kwa wakuu watano wa Taliban kutoka gereza la Marekani la Guantánamo. Watano hao walipelekwa Qatar kwa sharti la kutosafiri mwaka mmoja. Baadaye wakaonekana kwenye meza ya mazungumzo ya Doha, na baada ya 2021 wakapata nafasi katika utawala wa Taliban. Je, walileta amani au walileta ushindi wa adui? Jibu linategemea unaketi wapi. Lakini swali lililowaka Marekani lilikuwa jingine: anastahili mtu aliyetoroka zamu kukombolewa? Nadhani serikali ya Obama ilijibu vizuri hapo. Kwanza mrudishe, halafu mshitaki. Na kweli alishitakiwa, akakiri mwaka 2017, akafukuzwa jeshini kwa fedheha. Kama kukombolewa kungetegemea tabia, kila mama angelazimika kuthibitisha kwamba mwanawe ni mwema kabla hajaombewa. Kosa la serikali ile lilikuwa pengine: sheria ilidai Bunge lijulishwe siku 30 kabla, halikujulishwa, na ofisi ya ukaguzi ya Bunge lenyewe ikatamka kwamba sheria imevunjwa.

Sasa sheria. Wanafunzi, kalamu. Katika vita vya nchi na nchi, Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unatosha kwa mengi. Ibara ya 109 inataka majeruhi na wagonjwa mahututi warudishwe hata vita vikiendelea. Ibara ya 117 inakataza aliyerudishwa kutumika tena katika mapigano. Ibara ya 118 inaamuru mateka wa vita waachiwe bila kuchelewa uhasama ukikoma. Hakuna fidia humo. Hapa wengi wenu huteleza: mkataba huo wote hauvihusu vita vya serikali na kundi lenye silaha ndani ya nchi. Huko kinachosimama ni ibara ya 3 iliyo sawa katika mikataba yote minne, na ibara hiyo inakataza kabisa kuteka mtu ili kushinikiza. Mpiganaji wa kundi hana hadhi ya mateka wa vita. Anashitakiwa kama raia mwingine. Kwa hiyo serikali ikitaka kumtoa, inamtoa kwa msamaha au kwa kufuta kesi.

Kwetu mlango huo ni Ibara ya 45 ya Katiba, msamaha wa Rais, kwa aliyekwisha kuhukumiwa. Kwa mahabusu ni Mkurugenzi wa Mashtaka kuondoa shauri. Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Aliyesamehewa amekwisha kuhukumiwa, na kosa lake limethibitishwa. Aliyeondolewa mashtaka hakuna lililothibitishwa juu yake, na siku yoyote anaweza kukamatwa tena, jambo ambalo msuluhishi wa upande wa pili ataliuliza dakika ya kwanza. Israeli iliwakamata tena makumi ya walioachiwa kwa ajili ya Shalit, Juni 2014, na tangu hapo kila orodha inadaiwa dhamana dhidi ya kukamatwa tena.

Mashehe wataniuliza fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, inasemaje. Aya ya nne ya Surat Muhammad inataja njia mbili kwa mateka baada ya vita: kuwaachia kwa hisani au kwa fidia. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtoa mateka mmoja wa Banu Uqayl akarudishiwa Waislamu wawili. Pamoja na hayo Abu Hanifa, katika riwaya moja, alikataa kubadilishana watu. Hoja yake ni kali: mateka akibaki kwa adui, huo ni mtihani wake peke yake na haukutokana na sisi, lakini tukimrudisha adui akatupiga tena, msaada huo tumeutoa sisi. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, hawakumfuata. Walisema kumwokoa Muislamu ni bora kuliko kumwua kafiri. Imam Shafi nae akaruhusu, na sisi wa pwani wengi wetu tuko hapo. Mabishano yote ya baraza la mawaziri la Israeli mwaka 2011, lililopiga kura 26 dhidi ya 3, yalikuwa yale yale ya Abu Hanifa na wanafunzi wake katika mji wa Kufa.

Na Wayahudi wenyewe wanayo ya kwao. Mishna, kitabu chao cha kale cha sheria, katika fungu la Gittin, inasema mateka wasikombolewe kwa zaidi ya thamani yao, kwa ajili ya salama ya jamii. Rabi Meir wa Rothenburg alifungwa mwaka 1286, na yasemekana aliwakataza watu wake wasimlipie. Akafia kifungoni 1293. Lakini Maimonides, mwanazuoni wao mkubwa, akaandika kwamba hakuna sadaka kubwa kuliko kukomboa mateka. Wanaosema dini fulani ni ya kulipa na fulani ni ya kukataa hawajafungua vitabu.

Jirani zetu wa Bagamoyo wameliona jambo hili kwa namna nyingine. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipojenga misheni yao pale mwaka 1868, waliwakomboa watoto watumwa kwa fedha. Kila mtoto aliyekombolewa alikuwa huru kweli, na kila fedha iliyolipwa iliingia mfuko wa mfanyabiashara yule yule. Kilicholifunga soko la Unguja mwaka 1873 ni mkataba uliolazimishwa kwa manowari. Hata hivyo sitamlaumu padri aliyemtoa mtoto kwenye mnyororo kabla ya mwaka huo. Nasema tu kwamba ukombozi na kuvunja soko ni kazi mbili, na anayefanya moja asijidai amefanya zote.

Maana bei inajifunza. Pale soko la samaki la Deep Sea asubuhi, mchuuzi akishajua kwamba una wageni na lazima urudi na changu, bei haishuki. Novemba 2023 Hamas ilipata wafungwa watatu kwa raia mmoja. Januari 2025 kiwango kikawa 30 kwa raia, na 50 kwa askari mwanamke, 30 kati yao wakiwa wa kifungo cha maisha. Tazameni: askari alikuwa ghali kuliko raia. Lakini msikimbilie kusema kwamba uhai wa upande mmoja umehesabiwa mara hamsini ya mwingine. Uwiano hautokani na thamani ya uhai, unatokana na akiba. Mmoja ana mtu mmoja mkononi, mwingine ana maelfu gerezani. Urusi na Ukraine kila mmoja ana maelfu, ndiyo maana Mei 2025 walibadilishana elfu kwa elfu ndani ya siku tatu, na hakuna aliyeshangaa.

Bei ikipanda mno, huzaa ubaya mwingine. Mwaka 1986 jeshi la Israeli lilitunga amri iliyoitwa Hannibal: askari akichukuliwa, watekaji wazuiwe hata kwa moto unaoweza kumdhuru yeye mwenyewe. Ilidumu miaka 30, ikafutwa 2016. Hapo ndipo unapofika ukishindwa kuweka kikomo mapema: kijana wako anakuwa ghali kiasi kwamba wenzake wanaamriwa kumpiga.

Nije kwenye kazi yenyewe, maana maofisa wastaafu wananitazama kwa jicho la kuniambia nishuke chini.

Kwanza ni uthibitisho wa uhai. Usitoe chochote kabla yake. Picha pekee haitoshi. Dai jibu la swali ambalo yeye tu analijua, kama jina la mbwa wa utotoni au aliyemfundisha kuogelea, na swali hilo familia ilitunze bila kulisema redioni. Uthibitisho nao unauzwa. Mwaka 2009 Israeli iliwaachia wanawake 20 kwa video moja fupi ya Shalit akiwa ameshika gazeti. Wengi walicheka, lakini biashara ile ilikuwa nzuri: iliifunga Hamas kumtunza, kwa sababu bidhaa imeshaonyeshwa hai.

Pili, msuluhishi awe mmoja, na awe na kitu cha kupoteza. Mkono mtupu haulambwi: nchi isiyo na mpaka, fedha wala hifadhi ya kutoa haitasikilizwa. Kwa Shalit walikuwepo Wamisri na mjumbe wa Ujerumani. Kinachoharibu ni njia mbili kuzungumza kwa wakati mmoja na kutoa bei mbili. Watekaji hushika ile ya juu, na yule wa chini anabaki bila neno. Mbunge, shehe, ndugu wa mateka, kila mmoja atataka kusaidia. Wapewe kazi ya kuitunza familia, wasipewe namba ya simu.

Halafu orodha, ambayo ndiyo inayokula miezi. Igawe kwa mafungu na uanze na yanayouma kidogo: wagonjwa, wazee, wanawake, watoto, waliobakiza muda mfupi. Kila jina lifuatane na karatasi moja: kosa, hukumu, muda uliobaki, cheo chake ndani ya gereza, na maoni ya mtu anayemjua, siyo ya wizara. Kisha amua mahali pa kwenda. Kuna kurudi nyumbani, kuna kupelekwa eneo jingine, kuna uhamisho wa nchi ya tatu. Uhamisho hupunguza hatari ya karibu lakini unahitaji nchi inayokubali kuwa mdhamini, na udhamini huo una tarehe ya kwisha.

Mji huu wenyewe umeona dhamana ya aina hiyo. Baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, Wajerumani na Waingereza walikutana chini ya bendera nyeupe, na maofisa majeruhi wa Kiingereza wakaruhusiwa kuondoka kwa ahadi ya kutopigana tena katika vita vile. Januari 1915, kule Jasini, kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliwaachia maofisa wawili kwa neno lao tu. Ilikuwa heshima ya maofisa kwa maofisa, na haikumgharimu chochote, kwani kuwalisha na kuwalinda majeruhi kulimpunguzia chakula na watu. Leo neno la mtu halitoshi. Septemba 2022 makamanda watano wa Ukraine, waliotekwa kwenye kiwanda cha chuma cha Azovstal, waliachiwa na Urusi kwa sharti la kukaa Uturuki hadi vita viishe. Julai 2023 walirudi Ukraine kwa ndege moja na rais wao. Urusi ililalamika, na kulalamika ndiko kulikobaki.

Siku ya kukabidhiana ndiyo siku ya makosa. Wajumbe wa Msalaba Mwekundu humwona kila mfungwa faragha na kumwuliza kama kweli anataka kurudishwa, maana wapo wanaoogopa kwao kuliko gerezani. Utambulisho uhakikishwe kwa alama za vidole, na daktari awepo pande zote mbili. Mwendo uwe wa sambamba: kundi hili likivuka, lile linavuka. Yemen, Oktoba 2020, zaidi ya watu 1,000 walirudishwa kwa ndege zilizopangwa ziruke pande zote wakati mmoja, ili pasiwe na upande ulioshika watu wote hata kwa saa moja. Njia za ndege zijulishwe kwa maandishi kwa kila mwenye kombora. Na sherehe zizuiwe ndani ya mkataba wenyewe. Shalit alikalishwa mbele ya kamera ya televisheni ya Misri kabla hajamwona mtu wa kwao, amekonda, anapumua kwa shida. Februari 2025 Israeli ilisimamisha kuachiwa kwa wafungwa zaidi ya 600 kwa sababu ya maonyesho ya jukwaani Gaza. Wale waliokuwa wameshapanda mabasi wakashushwa.

Jambo dogo ambalo wenye furaha husahau: aliyekaa na njaa miezi mingi asiandaliwe pilau siku ya kwanza. Chakula kingi kwa ghafla hushusha fosfeti katika damu, na moyo unaweza kusimama. Aanze kidogo kidogo, chini ya daktari, kwa siku kadhaa.

Sijawasemea wafungwa wenyewe, na hapo pana kidonda. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Israeli, chini ya Jaji Aharon Barak, iliamua kwamba Walebanoni waliowekwa ndani kwa ajili tu ya kubadilishwa na askari aliyepotea hawawezi kuendelea kushikiliwa, kwa kuwa wao wenyewe si hatari. Serikali ikatunga sheria mpya mwaka 2002 kuwashikilia wapiganaji kwa jina jingine. Lakini hoja ya mahakama haijafa. Dola inayomweka mtu ndani bila mashitaka, ikimtunza kama akiba ya siku mbaya, inafanya kile kile inachokilaani kwa adui. Kwa hiyo anayestahili kuachiwa aachiwe kwa haki yake, leo, bila kungoja askari atekwe. Akibaki ndani hadi abadilishwe, umemfundisha kila ndugu yake kwamba mahakama haimtoi mtu, bunduki inamtoa.

Na la mwisho ni wale ambao hakuna anayewaalika mezani: familia zilizouliwa na wanaotoka. Israeli iliitangaza orodha ya 2011 na kuacha saa 48 za pingamizi. Pingamizi zilikuja, mahakama ikazikataa, ikisema uamuzi huo ni wa serikali. Saa 48 ni kama hakuna. Napendekeza siku saba, na kabla ya tangazo lolote afisa aende nyumbani kwa kila familia akiwa na jina mkononi, aeleze mtu huyo anapelekwa wapi na kwa masharti gani, na aache namba ya simu inayopokelewa. Wasilisikie kwenye taarifa ya habari. Orodha ya nyumba za kutembelewa iandaliwe pamoja na orodha ya wafungwa, na mtu yule yule, kwa sababu ni yeye anayejua hukumu ipi ilitokana na msiba upi.

Mwenyekiti, nafasi ya maswali ni yako. Naona mkono wa Mzee pale mbele umeshainuka.